Wanne, usiku kumi, mnywaji mmoja: uchambuzi wa mpango wa likizo ya Ureno

Familia ya watu wanne inataka kwenda likizo Ureno kwa usiku 10. Baba ni mpenzi wa mvinyo, na ndiye pekee mwenye leseni ya udereva. Mkewe hanywi kabisa. Anachokitamani ni bahari. Mama yake mume ana miaka 71, mzima wa afya isipokuwa magoti, na tangu alipokuwa shuleni ametaka kuliona kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Wa nne ni binti yao wa miaka 17, amemaliza shule, anasubiri chuo, na mpe maji tu aogelee.

Mke ni rafiki yangu, na ndiye aliyeniletea mpango walioandika wenyewe. "Shemeji yako kapenda kila mahali," aliniambia. "Mimi naona kama tutaishi ndani ya gari. Halafu kuna siku nzima ya mvinyo, na sisi watatu hatunywi. Tutakaa tukimtazama?"

Wameniruhusu niandike kisa chao bila majina. Nimekubali kwa sababu mipango ya namna hii naiona mara kwa mara: nchi ina pwani nzuri, ina mashamba ya mizabibu yenye sifa, ramani inaonyesha ni ndogo, basi kila kitu kinaingizwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa mwezi Agosti. Lisbon usiku 2, Nazaré 1, Coimbra 1, Porto 2 pamoja na siku moja ya kuzunguka bonde la mto Douro kwa gari la kukodi, Évora 1, Lagos kule kusini Algarve 2, kisha Lisbon tena usiku wa mwisho. Vitanda saba kwa usiku 10. Mama wa miaka 71 angefunga na kufungua begi karibu kila asubuhi.

Siwalaumu. Hakuna hata mji mmoja hapo usiostahili kutembelewa. Lakini nilipowauliza sababu ya kila mji, mambo mawili yalijitokeza haraka. Nazaré iliingizwa kwa ajili ya yale mawimbi makubwa kama ghorofa ambayo kila mtu ameyaona kwenye video, na mawimbi hayo huja kati ya Oktoba na Machi. Agosti wangekuta ufuo wa kawaida uliojaa watu. Évora iliingizwa kwa kuwa "iko njiani", na kutoka Porto hadi Évora ni zaidi ya kilomita 400. Ureno ina urefu wa takriban kilomita 560 kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo ni ndogo kwa mwenye ndege, si kwa dereva mmoja mwenye abiria watatu na mizigo yao.

Nikawaomba tuiweke ramani pembeni kwanza. Tulianza na vitu ambavyo havihamishiki hata ukiviombea: mwezi wa safari, nani atashika usukani, na magoti ya mama. Miji ingefuata baadaye.

Mwezi

Agosti ndiyo sikukuu ya Wareno wenyewe. Fukwe zinajaa, vyumba vinapanda bei, na tarehe 15 ni sikukuu ya taifa. Ila kwa familia hii tatizo kubwa lilikuwa Douro. Milima ya Marão huukinga upepo baridi wa Atlantiki usiingie bondeni, na mawe ya miteremko yale hupokea jua mchana kutwa na kulirudisha jioni. Joto hupita nyuzi 40 siku mbaya za kiangazi. Kumpandisha mama ngazi za shamba katika hali hiyo ni kumtesa, na zabibu zenyewe bado ziko kwenye matawi hazijaiva.

Mavuno huko ni Septemba, mara nyingine yakiingia Oktoba. Na bahari nayo, kwa bahati yao, hupata joto polepole kuliko nchi kavu: maji ya Atlantiki huwa na joto zaidi mwishoni mwa kiangazi kuliko Juni. Ule upepo wa kaskazini unaopiga pwani ya magharibi wakati wa kiangazi, Wareno wanauita nortada, nao huanza kutulia. Kwa nchi nyingine shamba na ufuo vinavutana, kila kimoja na msimu wake. Ureno vinakutana katikati ya Septemba. Binti hana shule, mume anaweza kuomba ruhusa kazini, basi safari ikahamia Septemba.

Kuna bei ya kulipa hapo. Siku za mavuno wakulima wana kazi, na baadhi ya mashamba hupunguza wageni. Tarehe ya kuanza kuvuna huamuliwa na sukari iliyomo kwenye zabibu, si na kalenda, kwa hiyo hakuna shamba litakalokuahidi miezi mitano kabla kwamba siku fulani utakuta watu wanakata vichala. Unachoweza kufanya ni kuweka nafasi ya kutembelea mapema, ukaandika kabisa kwamba ungependa kuona mavuno, na ukakaa bondeni zaidi ya siku moja ili uwe na nafasi ya pili.

Usukani

Hapa sikuwa na subira. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva Ureno ni chini ya gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu ni chini ya 0.2. Mpango wa kwanza ulimweka shemeji kwenye barabara ya N222, kati ya Peso da Régua na Pinhão, miji miwili ya bonde la Douro, mto upande mmoja na mlima upande mwingine, kona baada ya kona, baada ya kuonja mvinyo kwenye mashamba matatu. Alisema angeonja na kutema, kama wafanyavyo wataalamu. Inawezekana, na ndoo za kutemea zipo. Lakini mtu aliyesubiri safari hii miaka mingi, amwagiwe port, ule mvinyo mtamu wa Douro, ya miaka 20 aiteme? Na nyuma ya kiti amekaa mama yake?

Nilipendekeza gari liondoke kabisa kwenye mpango. Walidhani nimezidisha. Kilichowageuza ni reli.

Kutoka Porto kuna treni ya bonde la Douro inayopita Régua na Pinhão hadi Pocinho. Kufika Pinhão ni takriban saa mbili na nusu. Saa ya kwanza ni vitongoji, mashamba ya mahindi na nyumba za watu, na mgeni asiyejua huanza kujiuliza sifa zile zimetoka wapi. Kisha reli inashuka hadi kwenye mto na haiuachi tena. Inakimbia ukingoni kabisa, karibu kiasi kwamba ukikaa dirishani huioni ardhi kati yako na maji. Mto uko upande wa kulia ukitoka Porto, kwa hiyo keti kulia. Viti vya treni hizi za kawaida havina namba. Anayewahi ndiye anayechagua, na Septemba watu huwahi.

Stesheni ya Pinhão ni ndogo, na ukuta wake wa nje umepambwa kwa vigae vya buluu na vyeupe vyenye picha za mavuno: wanawake wanakata zabibu, wanaume wamebeba vikapu mgongoni, mashua za mapipa mtoni. Gati liko mwendo mfupi kutoka hapo, na kuna mashamba yanayofikika kwa miguu au kwa teksi ya dakika chache. Mtu mmoja anaonja, hakuna anayeendesha.

Jambo la ziada lililompendeza mama: shirika la reli la Ureno humpunguzia mtu wa miaka 65 na zaidi nusu ya nauli, awe raia au mgeni, akionyesha kitambulisho au pasipoti. Hilo watu wengi hawaulizi dirishani, wanalipa kamili.

Watatu wasiokunywa

Swali la rafiki yangu lilistahili jibu zito kuliko "mtapata juisi". Kama kutembelea shamba la mizabibu ni kukaa mezani na glasi tu, basi yeye, mama na binti hawana sababu ya kwenda, na ingekuwa bora shemeji aende peke yake wao wabaki Porto. Nadhani watu wengi wanaoandika kuhusu Douro wanaanza na glasi, na wanalipunja bonde lenyewe.

Bonde lile limejengwa kwa mikono. Mwamba wake ni shisti, jiwe linalopasuka kwa tabaka, na watu walilivunja karne kwa karne wakajenga kuta za mawe makavu, ngazi juu ya ngazi, ili mzabibu upate pa kusimama. Mizizi hupenya kwenye nyufa za mwamba kutafuta maji. Mwaka 1756, chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, mipaka ya eneo la mvinyo iliwekwa kisheria, mojawapo ya mipaka ya kale zaidi ya aina hiyo duniani. Mwaka 2001 UNESCO ikaliingiza bonde kwenye urithi wa dunia kama mandhari iliyofinyangwa na binadamu. Mtu asiyeonja tone anaweza kusimama mbele ya kuta zile akaelewa kitu kuhusu kazi.

Na ukibahatika kufika wakati wa mavuno, kuna lagar. Ni birika pana la mawe ya matale, kina chake cha mapajani. Mashamba machache bado hukanyaga zabibu kwa miguu: watu wanasimama mstari, wameshikana mabega, wanapiga hatua kwa pamoja, kushoto, kulia, saa nzima na zaidi, kabla hawajaachiwa kucheza watakavyo. Binti aliposikia kwamba baadhi ya mashamba huwaruhusu wageni kuingia birikani, aliacha kulalamika kuhusu siku za Douro. Kukanyaga si kunywa. Sheria ya Ureno hairuhusu kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18, lakini haimzuii mtu kuloa juisi ya zabibu hadi magotini.

Kwa mama, tuliangalia mashua. Kutoka Pinhão zipo safari za saa moja au mbili juu ya mashua za mtindo wa rabelo, zilezile zilizokuwa zikishusha mapipa hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto, zamani mto ulipokuwa na maporomoko na mabwawa hayajajengwa. Anakaa, anaona kuta zote kutoka chini, magoti yamepumzika. Mashamba mengi pia yana mizeituni, na ziara nyingine huwa na kuonja mafuta ya zeituni kwa mkate. Nilimshauri rafiki yangu aandike kwenye barua ya kuweka nafasi: watu wanne, anayeonja mvinyo ni mmoja, je, watatu mnawaandalia nini na kwa bei gani? Shamba lililojibu swali hilo vizuri ndilo walilolichagua. Kwangu hicho ni kipimo kizuri cha mwenyeji kuliko nyota za mtandaoni.

Shemeji naye hakupunguziwa. Siku mbili Pinhão, kisha Gaia, ambako port iliyotoka bondeni huzeeshwa kwenye maghala baridi karibu na bahari. Anajua tayari kwamba port huwa tamu kwa sababu katikati ya kuchacha hutiwa pombe kali ya zabibu, yenye nguvu ya karibu asilimia 77, hamira ikafa na sukari ikabaki. Asichokijua ni kwamba hadi mwaka 1986 sheria ililazimisha port ipitie Gaia ndipo isafirishwe nje. Ndiyo maana maghala yote makubwa yamejazana ukingo mmoja wa mto, na ndiyo maana leo mkulima wa bondeni anaweza kukuuzia chupa yake mwenyewe.

Kilichokatwa

Algarve iliumiza. Kule ndiko kwenye maji ya uvuguvugu zaidi, majabali ya rangi ya dhahabu, kila picha ambayo rafiki yangu alikuwa ameihifadhi kwenye simu. Lakini kutoka Pinhão hadi Lagos kwa treni ni siku nzima ya kubadilisha mabehewa, na kurudi Lisbon ni siku nyingine nusu. Kwa usiku 10, ukitaka Douro kwa utulivu na Algarve kwa utulivu, mama hatapata Belém, mtaa wa Lisbon lilipo kaburi la Vasco da Gama. Tulihesabu upya mara nyingi. Kitu kimoja lazima kiachwe.

Badala yake nikawaelekeza Cascais. Ni mji wa pwani magharibi ya Lisbon, dakika 40 hivi kwa treni kutoka stesheni ya Cais do Sodré. Ufuo uko mjini kabisa, kwenye ghuba iliyokingwa. Kuna njia ya saruji ya watembea kwa miguu, tambarare, inayofuata bahari hadi Estoril, na kwa mtu wa magoti mabaya hiyo ina thamani kuliko jabali lolote la dhahabu. Ukilala Cascais usiku mitano, Lisbon inakuwa ya kwenda na kurudi, na begi linafunguliwa mara moja.

Niliwaambia ukweli kuhusu maji. Septemba pale ni nyuzi 18 hadi 20, na aliyezoea Bahari ya Hindi atapiga kelele. Binti amesema ataingia. Mama yake, rafiki yangu, amesema atakaa mchangani aitazame bahari, na ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Ila Guincho, ule ufuo mpana upande wa kaskazini, wasiogelee: upepo na mikondo yake ni ya watu wa mbao za mawimbi. Na popote wanapokwenda waangalie bendera. Kijani, ogelea. Njano, lowa miguu bila kuogelea. Nyekundu, usiingie kabisa. Bendera ya vipande vya buluu na vyeupe ina maana mlinzi hayupo kwa muda. Chini ya majabali kuna mabango ya hatari ya kuporomoka, nayo si mapambo: Agosti 2009 jabali liliangukia watu kwenye ufuo wa Maria Luísa, Algarve, wakafa watano.

Kisha kukatokea kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Karibu na mji wa Sintra, ambako kutoka Cascais unafika kwa basi, kuna Colares. Mizabibu ya huko imepandwa mchangani, hatua chache kutoka Atlantiki, imelala chini kukwepa upepo, mizizi imeteremshwa hadi kwenye udongo mzito ulio chini ya mchanga. Karne ya 19 filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi, aliangamiza mizabibu ya Ulaya. Mchangani hakuweza kuishi, kwa hiyo Colares ilibaki na mizizi yake ya asili, wakati karibu bara lote lililazimika kupandikiza juu ya mashina ya Kimarekani. Kuna ushirika wa wakulima wa hapo tangu mwaka 1931. Na kutoka Sintra hushuka tramu ya zamani hadi ufuo wa Praia das Maçãs, ikipitia Colares, katika misimu inapofanya kazi; ratiba yake lazima iangaliwe kabla. Shamba na bahari siku moja, bila usukani. Shemeji aliposoma hayo alikoma kuitaja Évora.

Mpango ulivyo sasa

Wanaingilia Porto na kutokea Lisbon, kwa tiketi moja ya ndege. Porto usiku 3, Pinhão 2, Cascais 5. Porto walikuwa wamependa chumba Ribeira, ukingoni mwa mto. Tukakibadilisha na kingine juu, karibu na kituo cha metro, kwa sababu kutoka Ribeira kila safari ni kupanda. Metro hupita ghorofa ya juu ya daraja la Dom Luís I, lile la chuma la mwaka 1886, na mama ataiona Douro yote akiwa ameketi.

Viza ilitangulia kila malipo. Kwa pasipoti za Afrika Mashariki ni ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na inaombwa Ureno kwa kuwa huko ndiko wanakolala usiku wote, hata ndege ikibadilishwa kwenye nchi nyingine ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa kila mmoja, binti naye yumo kwa kuwa amepita miaka 12: jumla euro 360, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu, na ya mama iligharimu zaidi kwa umri wake. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Vyumba vyote waliweka vile vinavyofutika bila gharama. Uamuzi wa viza kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, na miadi yenyewe inaweza kuchelewa kupatikana. Ndiyo maana wameomba mapema.

Mambo madogo ya fedha tuliyaandika pembeni. Porto hutoza kodi ya kitalii ya euro 3 kwa mtu kwa usiku, kuanzia umri wa miaka 13, kwa hiyo euro 36 zitadaiwa mapokezini ingawa chumba kimelipiwa. Mgahawani, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza si zawadi; ukivigusa utalipa, ukivirudisha huwezi kudaiwa.

Ubishi uliobaki ni wa Sintra. Binti anataka kasri la Pena, juu kileleni, ambalo tiketi yake ina saa maalumu ya kuingia. Mama hawezi mlima ule. Nimependekeza wagawanyike: binti na baba yake wapande Pena asubuhi, mama na mkwewe wabaki kwenye kasri la kale lililo mjini, lile lenye mabomba mawili makubwa meupe ya kutolea moshi wa jikoni, halafu wakutane kwenye tramu. Rafiki yangu hataki familia igawanyike hata kwa saa mbili. Wanaendelea kuzungumza.

Belém haina ubishi. Monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, kwa hiyo imewekwa Jumanne, mlango unapofunguliwa, kabla foleni haijawa ndefu. Wapande treni inayosimama Belém, maana zile za haraka za Cascais hupita bila kusimama. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, upande wa kushoto ukiingia.